Plastiki Nyeupe ya Belachew

Addis Ababa
19 Miyazya

Dada Alganesh,

Baridi ya huko mlimani inakuachia kidogo? Wubit anakusalimu, na tumbo lake linakusalimu pia; siku hizi linafika mlangoni kabla ya mwenyewe. Nakuandikia kwa kalamu kama mwanafunzi aliyepewa adhabu, kwa sababu watawa wako wamekunyang'anya simu getini. Huu ni mstari wa nne tu na kidole kimeshaanza kuuma.

Nina habari. Nimepata kazi ya vibao vya milango vya zile nyumba mpya za ghorofa pembezoni mwa mji. Vibao elfu tatu na mia mbili, vyeupe, namba zimekatwa zikapenya, kila kimoja na matundu manne ya skrubu. Nimepewa mpaka mwisho wa mvua, mwezi wa Meskerem. Nilipotia sahihi nilikosea jina langu mwenyewe, usimwambie mtu.

Unajua tangu uniachie duka watu bado wanasema "kwa Alganesh"? Juzi aliingia mteja, akaitazama mashine ya kukatia kwa leza, akanitazama mimi, akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia, "Mwenyewe ndiye mimi." Akasema, "Basi nitarudi mwenyewe akirudi." Wubit alicheka mpaka akashika kiuno.

Sasa shida yangu. Akriliki, ile plastiki tuliyozoea kukata, imeadimika mjini. Mzee Belachew wa soko la Merkato ameniuzia mabamba meupe, anasema ni akriliki pia, ila ya aina mpya, ngumu zaidi. Lakini kingo zake zinanitia aibu. Ile akriliki yako ikitoka mashineni ukingo unang'aa kama umelambwa. Hii inatoka ya kahawia, inanata, na masizi juu yake. Wubit anakaa na kitambaa na spiriti kutwa nzima anasugua. Nifanyeje? Wewe ndiye mwalimu.

Mdogo wako,
Ashagre

*

Mlimani, Wollo
30 Miyazya

Ashe mdogo wangu,

Kwanza mwambie mkeo aache hiyo spiriti leo hii. Spiriti kwenye ukingo uliotoka kuungua inatia nyufa nyembamba kama nywele. Leo huzioni, baada ya mwezi kibao kinapasuka mlangoni mwa mtu na jina linalotukanwa ni letu. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa cha pamba. Basi.

Pili, usibandue karatasi ya kinga kabla ya kukata. Nakujua, unapenda kuona plastiki ikiwa uchi. Acha karatasi juu na chini, masizi yashike karatasi. Inua bamba kidogo kutoka kwenye meza ili mwale usirudi kuchoma mgongo wa kazi. Kata kwa haraka, mara mbili kwa nguvu ndogo, kuliko mara moja kwa nguvu kubwa. Ongeza hewa kwenye pua ya mashine.

Na tatu, nadhani Belachew amekuchezea. Akriliki haitoki ya kahawia. Hiyo itakuwa ile plastiki ya vioo vya kofia za pikipiki, ambayo leza haielewani nayo. Inaungua badala ya kukatika. Kama ni hiyo, kata kwa msumeno mwembamba, kisha msasa wa maji, mkali kwanza halafu laini. Kazi ni ndefu lakini ukingo utakuwa safi.

Mimi ni mzima. Naomba, nakunywa maji ya baraka, nalala mapema. Naandika kidogo kidogo kwa sababu mkono umesahau kalamu, usidhani nimekasirika.

Hongera kwa kazi. Ni kubwa kuliko zote nilizowahi kupata mimi.

Alganesh

*

Addis Ababa
21 Ginbot

Dada,

Ulivyosema ndivyo nilivyofanya, na karatasi ya kinga imeokoa ndoa yangu. Kingo bado si za kujivunia lakini zinakubalika. Msumeno sikuutumia. Vibao elfu tatu kwa msumeno, dada, mtoto angezaliwa, akakua, akaja kunisaidia. Nakata mara mbili kwa nguvu ndogo, Wubit anapitisha msasa, anaosha, anapanga. Msimamizi wa majengo alikuja, akachukua kimoja, akakigeuzageuza, akasema, "Safi." Neno moja tu, lakini nililala nalo.

Kuna jambo dogo. Mashine imeanza kupata kutu. Reli zile ulizokuwa ukizifuta kama macho ya mtoto, zimefanya madoadoa ya rangi ya chungwa, na skrubu zote za upande wa feni zimekuwa kama zimeokotwa mtoni. Lenzi imefifia mara mbili, nimebadilisha. Nadhani ni mvua, mwaka huu zimewahi. Una mafuta gani unayopendekeza?

Na yule Demissew, fundi wako wa zamani, una anwani yake? Nashangaa mtu aliyekaa dukani kwako miaka minne aende Uarabuni bila hata salamu. Angekuwepo yeye mashineni ningepumzika. Koo limenikauka kwa vumbi la hii barabara wanayochimba nje, Wubit ananichemshia tangawizi asubuhi na jioni mpaka nanuka kama jiko la harusi.

Ashagre

*

Mlimani
29 Ginbot

Ashagre,

Zima mashine kabla hujamaliza kusoma.

Chukua waya wa shaba, ule mnene wa umeme, umenye, urefu wa shibiri moja. Ushike kwa koleo. Uchome kwenye moto wa gesi mpaka uwe mwekundu na moto urudi kuwa safi. Ukiwa bado mwekundu, uguse kwenye plastiki ya Belachew, uyeyushe kidogo ushikane na waya. Kisha urudishe motoni, utazame moto una rangi gani.

Ukiwa wa manjano, endelea na kazi yako. Ukiwa wa kijani, toa mabamba yote nje ya duka, usikate hata kimoja tena, wala kipande.

Niandikie hiyo rangi. Neno moja linatosha. Usiniulize mengine.

Alganesh

*

Addis Ababa
14 Sene

Dada yangu mpendwa,

Manjano.

Haya, umepata neno lako moja, sasa nipe ruhusa ya kuongeza mengine. Ulinitisha! "Zima mashine kabla hujamaliza kusoma." Wubit alidhani kuna msiba. Nilifanya kila kitu kama ulivyoeleza, na koleo, na waya, na moto ukawa wa manjano kama wa mshumaa wa kanisani. Umekaa sana na watawa, unaona shetani kwenye kila kitu.

Vibao elfu moja na mia mbili vimeshakwenda. Mia tatu vimefungwa milangoni tayari. Nilikwenda kuviona, nikapanda ghorofa zote kwa miguu, nikawa nasoma namba kama mwendawazimu. Kuna mama mmoja aliyehamia alinikuta nikigusa kibao chake akaniuliza natafuta nani. Nikamwambia, "Hiki nimekitengeneza mimi." Akasema, "Ni namba tu, baba," akafunga mlango.

Kutu nitaidhibiti. Usijali.

Ashagre

*

Mlimani
24 Sene

Ashe,

Umeniondolea mzigo ambao hujui uzito wake. Jana nilipanda mpaka kwenye chemchemi bila kupumzika njiani, mara ya kwanza tangu nije. Mtawa mkuu alisema, "Leo umeamka vizuri." Nikamwambia nimepata barua.

Kama moto ni wa manjano basi kutu ni ya mvua kweli. Hiyo ina dawa. Unyevu unaingia kwa mlango wa mbele, nimeupigia kelele mlango ule miaka yote. Mvua ikianza, funga mlango, funga na dirisha la uani, ziba chini kwa magunia. Futa reli kila jioni kwa mafuta mepesi ya cherehani. Mashine itakupenda.

Kuhusu Demissew, mwache. Watu wakienda mbali wana sababu zao.

Nikipata nguvu nitashuka kumwona mtoto akizaliwa. Mwambie Wubit asibebe mabamba, anyooshe miguu.

Dada yako,
Alganesh

*

Addis Ababa
9 Hamle

Wifi yangu Alganesh,

Ni mimi Wubit. Usishangae mwandiko, nimeegemea kitandani. Ashagre hajui kama naandika, lakini si siri ya ubaya, ni ya kutaka ushauri tu, maana wewe ndiye mkubwa wetu na mimi mama yangu hayupo.

Mdogo wako halali. Akijilaza anakohoa mpaka anageuka rangi, kwa hiyo anakaa kwenye kiti na blanketi, kichwa ukutani. Nikimwambia aende hospitali anasema, "Nikimaliza vibao." Macho yake mekundu kama amekata vitunguu. Na mimi amenikataza kufika dukani tangu wiki tatu zilizopita, anasema harufu si nzuri kwa mtoto. Harufu yenyewe ilikuwa kali, wifi, kama ile dawa ya kusafishia choo, inapanda puani inakaa. Nilipokuwa naosha vibao vidole vilikuwa vikiwasha. Yeye anasema ni aina mpya ndivyo inavyonukia.

Tumefunga mlango na dirisha kama ulivyoshauri, na magunia chini. Kweli unyevu umepungua. Ila ile feni ya kuvuta moshi imekuwa ikilia kama mbuzi, na jana ilisimama kabisa. Ashagre aliifungua, akakuta mabawa yake yameliwa na kutu mpaka yanakatika mkononi. Anatafuta nyingine Merkato. Anasema kwa sasa zimebaki siku chache, atavumilia.

Nikuchekeshe kidogo. Siku uliyomwambia achome ule waya, nilikuwa nimesimama nyuma yake. Wifi, sijawahi kuona moto mzuri vile! Kijani kibichi, kama jani la mgomba baada ya mvua. Nikapiga makofi, nikasema, "Fanya tena!" Hakufanya tena. Alizima gesi, akakaa chini juu ya ndoo, akaniambia nisikuandikie habari hiyo kwa sababu wewe hupendi mizaha na kazi. Lakini nadhani hutakasirika, ilikuwa ni rangi tu.

Tafadhali nieleze nimpe nini alale.

Wubit

*

Mlimani
16 Hamle

Ashagre,

Wubit amenieleza rangi ya moto. Usimgombeze. Ulinidanganya, na mimi sina haki ya kukulaumu, kwa sababu nilikudanganya kwanza, na uongo wangu ni mkubwa kuliko wako.

Moto wa kijani ni plastiki ya mabomba ya maji, PVC. Leza ikiichoma, moshi wake ukikutana na unyevu unakuwa asidi. Si maneno ya kutisha watoto. Ni asidi ile ile inayokula reli, lenzi na feni, na wewe una unyevu mwingi kifuani kuliko feni.

Utaniuliza najuaje, na kwa nini sikukuambia tangu mwanzo. Kaa chini.

Miaka miwili iliyopita, kipindi kama hiki cha mvua, nilichukua kazi ya kukata ngozi bandia ya viti vya magari. Wewe ulikuwa bado unaishi Hawassa. Wiki ya pili mashine ilianza kupata kutu, nikachoma waya, nikaona kijani. Ngozi bandia ni PVC hiyo hiyo, imelainishwa tu. Nilijua, Ashe. Nilijua siku hiyo hiyo. Na kazi ilikuwa imebaki wiki nane, na mteja alikuwa mtu mkubwa, na mimi nilikuwa mwanamke pekee mwenye mashine mtaa mzima, kila mtu akingoja nianguke. Nikasema wiki nane si nyingi.

Aliyekuwa akisimama mashineni ni Demissew. Aliniuliza, "Dada, hii harufu ni ya nini?" Nikamjibu, "Ni gundi ya nyuma ya ngozi." Akafunga skafu puani, akaendelea. Hakuniuliza tena.

Siku moja feni ilikufa. Mvua ilikuwa kubwa, tukafunga milango. Mimi nikatoka kupeleka mzigo kwa mteja, nikakaa huko, nikanywa kahawa. Niliporudi Demissew alikuwa amekaa kizingitini, ameshika kifua, anasema amebanwa kidogo. Alicheka. Asubuhi midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Sikumpeleka hospitali. Hospitali wangeuliza alikuwa akivuta nini. Nilimpeleka kituo cha basi. Nikamkatia tiketi ya Debre Tabor kwa mama yake, nikamfunika blanketi, nikampa machungwa, nikamwambia hewa ya nyumbani itamponya. Alinishukuru.

Alikufa siku ya tatu. Mama yake nilimwambia ni nimonia. Wewe nilikuambia amekwenda Uarabuni. Na siku wanamzika nilikuwa dukani namalizia vipande vilivyobaki kwa mkono wangu, na ndivyo nilivyopata kifua hiki. Sikuja huku kuwa mtawa. Daktari alisema pafu moja ni kama sifongo kilichokauka, na la pili linalifuata. Nilikuja kujificha mahali ambapo mtu akikohoa wanasema anatubu.

Kama ningekuambia haya mwezi wa Miyazya, usingekata bamba hata moja. Badala yake nikakufundisha jinsi ya kupata ukingo safi. Na mimi ndiye niliyekuambia ufunge mlango.

Fungua mlango. Fungua kila kitu. Toka nje ukasimame kwenye mvua.

Dereva wa basi anayebeba barua zetu anasema barabara imekatika chini ya mto, labda siku tano, labda kumi. Siwezi kuingoja. Barua hii naiweka kifuani mwangu, nashuka nayo mwenyewe kwa miguu mpaka upande wa pili wa mto.

Alganesh

*

Addis Ababa
20 Meskerem

Kwa Mama Yeshimebet, Debre Tabor

Mama yangu,

Hunijui. Naitwa Ashagre. Alganesh, ambaye mwanao Demissew alifanya kazi kwake, ni dada yangu wa tumbo moja. Naandika kwa niaba yake na kwa niaba yangu. Nimeandika barua hii mara nne na kuichana mara nne.

Pamoja na hii nimekuwekea barua ya dada yangu ya mwezi wa Hamle. Aliniandikia mimi, lakini habari iliyomo ndani yake ni yako. Kama hapana mtu wa kukusomea, mwombe padre. Usimpe jirani.

Nitakueleza yaliyofuata, ili usidhani tumebuni.

Tarehe 21 Hamle nilikuwa dukani peke yangu, milango imefungwa, feni haipo, nakata bamba la mwisho la siku. Nakumbuka nilitaka kuinama kuokota kibao, sakafu ikawa mbali sana. Mengine nimeambiwa. Dada yangu alishuka mlima kwa miguu, akavuka maji kwa kamba pamoja na watu wa mifugo, akapanda lori, kisha basi. Alifika mchana. Alikuta mlango umezibwa kwa magunia ambayo yeye ndiye aliyenishauri niyaweke. Alipiga kelele, wanaotengeneza mihuri mlango wa pili wakaja na nondo, wakauvunja.

Mimi nilikuwa chini. Mashine ilikuwa bado inakata, kichwa chake kinakwenda na kurudi kama hakuna kilichotokea, na bamba limeanza kushika moto. Walinivuta mpaka kwenye mtaro. Moto ulikuwa unapanda, na nyuma ya ukuta wa duka letu kuna chumba cha kulala watu, kuna watoto. Swichi kuu ipo nyuma kabisa, hakuna aijuaye ilipo ila sisi wawili. Dada alijifunika mtandio, akarudi ndani. Watu wa mihuri wanasema alikaa humo muda wa mtu kuhesabu mpaka mia. Umeme ukazimika, akatoka akitembea, akaketi karibu na mimi kwenye maji, akasema, "Ameamka?" Kisha akalala.

Mimi nilikaa hospitali siku kumi na tisa. Sasa natembea, ila ngazi zinanishinda. Mke wangu amejifungua mtoto wa kike. Madaktari wanamsikiliza kifua kila wiki, hawajaona kitu, wala hawajaacha kumsikiliza.

Dada yangu yupo kwangu, kitandani, na mtungi wa oksijeni. Anasema maneno matatu, anapumzika, anasema mengine matatu.

Nilipopata nguvu nilikwenda kwa mfanyabiashara aliyeniuzia ile plastiki. Nilikwenda na waya na kibiriti cha gesi, nikamchomea mbele ya wateja wake, moto ukawa kijani. Nikamwambia, "Uliniambia ni akriliki." Akasema, "Kijana, mimi nauza plastiki. Unaikata kwa kitu gani, si kazi yangu." Nikataka kumpiga. Halafu nikakumbuka kwamba rangi ile niliiona kwa macho yangu tangu mwezi wa Sene, na nikaendelea kukata wiki tano nzima, kwa sababu nilitaka watu waseme "kwa Ashagre". Yeye aliniuzia, lakini kuvuta nilivuta mwenyewe. Mwanao hakujua. Hiyo ndiyo tofauti yangu na yeye, na ndiyo inayoninyima usingizi kuliko kikohozi.

Mashine nimeifungua vipande. Mtu mmoja alitaka kuinunua nikakataa, kwa sababu sitaki isimame mbele ya kifua cha mtu mwingine.

Jana nilimuuliza dada, "Tumwandikie mama yake Demissew?" Akasema, "Mwandikie yote." Akapumzika. Akasema, "Na basi lile."

Kwa hiyo nimeandika, na basi lile nalitaja. Tulikuambia ni nimonia. Haikuwa nimonia. Mwanao alikuwa na siku moja nzima ambayo madaktari wangeweza kumsaidia, na siku hiyo aliimaliza barabarani, kwa sababu dada yangu aliogopa kuulizwa swali.

Hatuombi usamehe. Ukitaka kwenda polisi, nitakuja kukuchukua na kukupeleka mimi, na nitasema mbele yao haya niliyoandika. Tuambie unachotaka kifanyike.

Ashagre

*

Debre Tabor
8 Tikimt

Ashagre,

Naandikiwa na padre wetu, maneno ni yangu.

Barua zote mbili zimesomwa. Nilimwambia padre asome ya dada yako mara mbili, pale penye basi.

Mwanangu hakufika hapa akiwa maiti. Alifika akiwa na akili zake zote. Siku mbili alilala mapajani pangu na alizungumza. Aliniambia habari za harufu. Aliniambia habari za feni. Aliniambia alivyofunikwa blanketi na kuambiwa asizungumze na abiria, atachoka. Usiku wa mwisho alisema, "Mama, si gundi. Anajua."

Kwa hiyo mimi nimejua tangu siku ile. Dada yako alipokuja kwenye arobaini akanishika mikono akaniambia nimonia, nilikuwa najua. Nilimpa kahawa. Kila sikukuu alipotuma salamu nilipokea, nikaitikia. Watu wangu walisema nishtaki. Nikasema, hapana, nataka kwanza nione kama atasema mwenyewe. Imemchukua miaka miwili na mapafu yake yote mawili.

Wewe sina neno nawe. Mtunze mtoto wako.

Lakini yeye hajaniambia bado. Umeniambia wewe, na karatasi imeniambia. Nataka kukaa mbele yake, anitazame, aniambie kwa mdomo wake, maneno matatu matatu kama hana pumzi ya mengine. Nina nafasi, nitangoja kila anapopumzika. Akimaliza, nitajua nimfanye nini.

Nimekata tiketi ya Jumatatu. Mwambie asife kabla sijafika.

Yeshimebet
Mama yake Demissew